Diski ya nje, wingu au nakala ya diski nzima: uchague ipi kwa kompyuta yako?

Anayetaka kuweka nakala rudufu ya kompyuta yake mara nyingi huanza kwa kuuliza bei: diski ya ukubwa gani, wingu la kampuni gani, kwa mwezi shilingi ngapi. Mimi ningeanza na swali jingine. Kompyuta ikifa leo usiku, kesho saa mbili asubuhi unahitaji nini mkononi ili kazi isisimame? Mwanafunzi wa uzamili anahitaji faili la tasnifu na folda ya makala alizosoma. Akiyapata hayo, anakaa kwenye kompyuta ya mwenzake na kuendelea na sura ya nne. Mwenye duka la steshenari anahitaji zaidi ya mafaili. Anataka mashine yenyewe iwake ikiwa na printa zake zote, fonti za kadi za harusi, na ile programu ya mauzo iliyofungwa na fundi ambaye siku hizi hapatikani kwa simu. Ukiwapa hawa wawili ushauri mmoja, mmoja wao utamponza.

Njia zinazofaa kulinganishwa ni nne: kunakili mafaili kwa mkono, kuiacha kompyuta inakili yenyewe kwenye diski ya nje, kuweka mafaili kwenye wingu (yaani kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti), na kuchukua nakala ya diski nzima pamoja na mfumo wake. Kando ya zote nne kuna maandalizi ya kuifufua mashine, na hayo yanamhusu kila mtu.

Kunakili kwa mkono

Hii ndiyo njia ya wengi, na haistahili kudharauliwa. Faili ulilolinakili kwenye flashi linafunguka kwenye kompyuta yoyote, bila programu maalumu, bila nywila, bila bando. Ubaya wake ni kwamba inategemea kumbukumbu yako. Wiki za mwanzo unanakili kila Ijumaa, halafu kazi zinabana, na siku ya balaa unakuta nakala ya mwisho ni ya miezi mitano iliyopita. Ubaya wa pili hauonekani upesi: ukinakili toleo lililoharibika juu ya toleo zima, limebaki bovu pande zote mbili.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni flashi zenyewe. Sokoni zimejaa flashi na diski ndogo zilizoandikwa TB 1 au TB 2 zikiuzwa kwa bei ya kutupwa. Ndani yake mara nyingi kuna chipu ya GB 32 au pungufu, iliyorekebishwa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Unanakili picha za miaka kumi, mstari wa kijani unajaa hadi mwisho, majina ya folda yote yanaonekana. Ukifungua picha, nusu ya juu ipo na nusu ya chini ni kijivu, au haifunguki kabisa. Kabla hujaweka chochote cha maana kwenye flashi mpya, ijaribu kwa H2testw ukiwa na Windows, au F3 ukiwa na Mac au Linux. Programu hizi ni za bure. Zinaijaza flashi yote, kisha zinasoma upya kilichoandikwa na kukuambia ukubwa wake halisi. Flashi kubwa inaweza kuchukua saa nyingi, na kila saa ina faida.

Jambo dogo la kukumbuka: flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata kama nafasi imebaki tele. Ukiifomati kwa exFAT tatizo linakwisha.

Diski ya nje inayojazwa na kompyuta yenyewe

Kwa mtu wa kawaida mwenye kompyuta moja nyumbani au ofisini, hapa ndipo ningempeleka kwanza. Windows ina File History tangu toleo la 8. Kwenye Windows 11 imefichwa ndani ya Control Panel, kwa hiyo iandike jina lake kwenye sehemu ya kutafuta. Mac ina Time Machine, iliyotoka mwaka 2007. Zote mbili zinafanya kazi kwa mantiki moja: unachomeka diski ya nje, unawasha huduma, na tangu hapo kompyuta inapitia mafaili yako kila saa na kuhifadhi yaliyobadilika, huku matoleo ya zamani yakibaki.

Hayo matoleo ya zamani ndiyo thamani yake. Tuseme umeandika ripoti ya kurasa 40. Siku ya Jumanne unafuta sehemu nzima kwa makosa, unahifadhi, unafunga, na unagundua Alhamisi. Kwa nakala ya mkono uliyoifanya Jumatano, umenakili hasara. Kwa File History unabofya faili kwa kitufe cha kulia cha panya, unafungua orodha ya matoleo yaliyotangulia, unachagua la Jumatatu jioni na kulirudisha. Kazi ya dakika mbili.

Kuna mtego unaowanasa wafanyabiashara wengi. Kwa kawaida File History hunakili maeneo yale ya mtumiaji tu: eneo-kazi, nyaraka, picha, muziki na video. Folda uliyojitengenezea kwenye diski D haimo mpaka uiongeze mwenyewe. Programu nyingi za hesabu na mauzo huweka kanzidata yake kwenye folda ya ProgramData au moja kwa moja kwenye C, mahali ambapo File History haifiki. Mwenye duka anaona taa ya diski inawaka kila saa na kuamini mauzo yake ya mwaka yamo. Hayamo. Fungua programu hiyo, tafuta kwenye mipangilio yake inapoweka data, au tumia kitufe chake cha kutoa nakala kama inacho, kisha hakikisha nakala hiyo inaangukia kwenye folda inayonakiliwa.

Mtego wa pili ni kuiacha diski imechomekwa usiku na mchana. Virusi vya kudai fidia, vile vinavyofunga mafaili na kukuachia ujumbe wa kutaka malipo, hufunga kila diski vinayoiona. Umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza vyote viwili kwa pamoja. Na mwizi akichukua begi lenye kompyuta na diski, umebaki mikono mitupu. Ichomeke, iache imalize, ichomoe, ihifadhi mbali na kompyuta. Mwenye uwezo anunue mbili azipokeze, moja ikae nyumbani kwa ndugu. Kama ndani kuna nyaraka za wateja au picha za vitambulisho, ifunge kwa VeraCrypt au BitLocker, programu za kufunga diski kwa nywila, kwa sababu diski ya nakala ikiibwa wazi, maisha yako yote yanasomeka.

Wingu

OneDrive, Google Drive na iCloud zina sifa moja ambayo diski ya nje haina: nyumba ikiungua, mafaili yapo. Google inatoa GB 15 bure, ila zinajumuisha barua pepe na picha zako. Microsoft na Apple wanatoa GB 5. Kwa tasnifu, mikataba, wasifu wa kazi na majedwali ya hesabu, nafasi hiyo inatosha miaka mingi.

Lakini nakuomba utenganishe mambo mawili ambayo matangazo huyachanganya. Huduma hizi zimetengenezwa ili mafaili yafanane kila mahali. Ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutwa na kule. Likifungwa na virusi, lililofungwa ndilo linalopandishwa. Unachobaki nacho ni muda wa kujirudi: kapu la taka la Google Drive hufutwa baada ya siku 30, la OneDrive ya mtu binafsi vilevile, na OneDrive huweka matoleo 25 ya mwisho ya faili. Ukigundua hasara baada ya miezi miwili, hakuna wa kumlilia.

Mfano mkubwa wa tofauti hii ulitokea Juni 2017, virusi vya NotPetya vilipoivamia kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark. Kampuni ilikuwa na seva zipatazo 150 duniani zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, kila moja ikifanana na nyingine muda wote. Ilidhaniwa moja ikifa nyingine zitaziba pengo. Zilifutwa karibu zote kwa wakati mmoja. Iliyopona ilikuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva imezimika kabla ya shambulio kufika. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu sisi wa bando: intaneti ya ofisi ya Ghana ilikuwa nyembamba mno, na kutuma mamia ya GB hadi Uingereza kungechukua siku kadhaa. Mfanyakazi mmoja akapanda ndege na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaifikisha Uingereza. Kampuni ikafufuka kwa diski iliyobebwa mkononi.

Piga hesabu yako mwenyewe. GB 200 za picha na video, kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, ni karibu saa 89, yaani siku tatu na ushee bila kupumzika wala mtandao kukatika. Mzigo huohuo kwenda kwenye diski ya nje kwa tundu la USB 3, kama ni mafaili makubwa, ni kama nusu saa. Mafaili madogomadogo huchukua zaidi. Siku ya kurudisha, hesabu ni hiyohiyo kwa kasi ya kushusha, na bando linaliwa mara ya pili. Mtandao wenyewe nao una siku zake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania, Kenya na majirani wakahangaika siku kadhaa. Aliyekuwa na kila kitu winguni alisubiri.

Kuna na suala la mlango. Akaunti yako inathibitishwa kwa simu. Begi lililoibwa lina laptopu na simu pamoja. Sasa nywila unaikumbuka, lakini Google inatuma uthibitisho kwenye simu aliyonayo mwizi. Ingia kwenye mipangilio ya usalama leo, toa zile namba 10 za akiba (backup codes) za kuingilia bila simu, zichapishe kwenye karatasi na uziweke na vyeti vyako vya shule.

Angalia pia alama ya kiwingu pembeni ya mafaili kwenye OneDrive. Faili lenye alama hiyo halimo kwenye diski yako. Unaona jina lake tu, na huwezi kulifungua ukiwa huna mtandao.

Nakala ya diski nzima

Njia tatu za kwanza zinaokoa mafaili. Hii inaokoa mashine: Windows, programu, printa, mipangilio, nywila za Wi-Fi, kila kitu kama kilivyokuwa siku ile. Diski ikifa, unanunua nyingine, unamimina nakala, na kompyuta inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Ukilinganisha na kupiga Windows upya, kutafuta draiva (programu ya kuendesha kila kifaa) moja moja na kufunga programu zote, hii ni tofauti ya saa mbili na siku mbili.

Clonezilla, kazi ya kituo cha kitaifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa cha Taiwan, ni ya bure na ya kuaminika. Inaendeshwa kutoka kwenye flashi, Windows ikiwa imezimwa. Skrini zake ni za maandishi, unasogea kwa vishale na kitufe cha nafasi, na diski zinaonekana kwa majina kama sda na nvme0n1. Hapo ndipo pa kutulia. Wakati wa kurudisha, ukichagua diski isiyo yenyewe, inafutwa. Soma ukubwa wa kila diski na jina la mtengenezaji kabla ya kubonyeza. Asiyependa skrini hizo atumie Rescuezilla, yenye vitufe vya kubofya, na inayosoma nakala za Clonezilla. Anayetaka nakala ijichukue yenyewe Windows ikiwa inafanya kazi anaweza kutumia Veeam Agent ya bure. Macrium Reflect, iliyopendwa sana, ilisitisha toleo lake la bure mwanzoni mwa 2024. Kile kifaa cha kale cha kunakili ndani ya Control Panel chenye jina la Windows 7 bado kipo, lakini Microsoft walitangaza tangu 2017 kwamba hawakiendelezi, na mimi nisingekitegemea.

Mipaka yake ni hii. Nakala ya Machi inarudisha kompyuta ya Machi. Kazi za Aprili hazimo. Clonezilla inataka diski mpya iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Diski iliyofungwa kwa BitLocker hunakiliwa nzima hata sehemu tupu, kwa hiyo nakala inakuwa kubwa ajabu. Na ukiimimina kwenye kompyuta ya aina nyingine kabisa, inaweza kugoma kuwaka. Kwa hiyo nakala hii inahitaji kukaa pamoja na moja ya njia za mafaili. Anayeitegemea peke yake ataokoa Windows na kupoteza kazi.

Balaa kwa balaa

Faili limefutwa au kuharibiwa kwa makosa: File History inashinda kwa mbali, wingu linafuata kama umewahi kugundua. Nakala ya diski nzima ni kama kumwita fundi mwashi abandike kigae kimoja. Diski imekufa: nakala ya diski nzima inakuamsha upesi, nyingine zinakurudishia mafaili baada ya kupiga Windows. Wizi au moto: wingu, au diski iliyokaa nyumba nyingine. Virusi vya kudai fidia: diski iliyochomolewa, basi. Windows kugoma kuwaka baada ya sasisho: hapo huenda huhitaji nakala yoyote, unahitaji flashi ya kuiamshia, na ndiko tunakoelekea.

Maandalizi ya kufufua mashine

Anza na ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hufunga diski zenyewe mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila wewe kuombwa ruhusa kwa namna utakayoikumbuka. Siku fundi akibadilisha ubao mama, au BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) ikisasishwa, inatokea skrini ya bluu inayodai namba ya tarakimu 48, makundi manane ya sita sita. Bila namba hiyo hakuna fundi wa kukufungulia. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani, kwenye nyingi dawa yenyewe ilikuwa fupi. Kilichowachelewesha mafundi wengi ni kuitafuta namba hii. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -get C:`, na kama diski imefungwa utaiona. Iandike kwenye karatasi, isome mara mbili. Usiihifadhi kwenye kompyuta hiyohiyo.

Kisha tengeneza flashi ya Windows kwa Media Creation Tool ya Microsoft. Flashi ya GB 8 inatosha, na chochote kilichomo kitafutwa. Weka juu yake draiva ya Wi-Fi ya kompyuta yako, kwa sababu Windows 11 inataka intaneti wakati wa kusakinishwa, na mashine isiyotambua Wi-Fi yake inakwama pale pale. Ukikwama bila draiva, chomeka simu kwa waya wa USB na ushiriki intaneti kupitia waya huo. Mara nyingi inakubali.

Halafu jaribu. Washa kompyuta kwa hiyo flashi mpaka uone skrini ya kwanza, kisha izime bila kusakinisha chochote. Chukua diski yako ya nakala, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ufungue mafaili matatu ya zamani na matatu ya wiki hii.

Ningemshauri nani nini

Mwanafunzi: tasnifu ikae kwenye wingu la bure, na kila mwisho wa wiki nakala yenye tarehe kwenye jina lake iende kwenye flashi iliyopimwa. Zaidi ya flashi hiyo, hahitaji kununua kitu.

Familia yenye picha na nyaraka: diski ya nje na File History au Time Machine, ikichomolewa baada ya kazi. Nyaraka muhimu, vyeti na hati za kiwanja ziende wingu pia. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh alieneza kanuni ya 3-2-1, yaani nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mbali na nyumbani, na kwa nyaraka hizo mpangilio huu unaitimiza bila gharama kubwa.

Mpiga picha za harusi: asahau wingu kwa mafaili mabichi (RAW) ya kamera, bando halitamtosha. Diski mbili, na kadi ya kamera isifutwe mpaka picha ziwe kwenye zote mbili. SSD, diski ya chipu isiyozunguka, ni nzuri kwa kubebea kazi, lakini kwa kuweka kabatini miaka mingi bila umeme ningechagua diski ya kawaida ya kuzunguka.

Mwenye duka au ofisi ndogo: nakala ya diski nzima mara moja mashine ikiwa imekaa sawa, na nyingine kila anapofunga programu mpya. Kila jioni, data ya mauzo iende kwenye flashi inayotoka dukani na mwenyewe.

Aliyebaki kwenye Windows 10, ambayo muda wake wa kuhudumiwa uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na sasa anataka kuhamia Windows 11 au Linux Mint: achukue nakala ya diski nzima kwanza, hata kama hajawahi kuifanya. Anayepanda kwenda Windows 11 hupewa kwa kawaida siku 10 tu za kurudi alikotoka, baada ya hapo mafaili ya kurudia yanafutwa. Anayefunga Linux Mint kwa kuifuta Windows hapewi hata siku moja.